Jinsi ya kudai pesa zako katika Mahakama ya Madai Madogo Kenya, bila wakili

Mteja amekodi mahema yako na viti, harusi imefana, picha zimejaa mtandaoni, na salio lako hajalilipa. Ukimpigia simu mara tano anapokea moja, na akipokea anasema atakutumia Ijumaa. Ijumaa gani, hasemi.

Zamani deni la kiasi hicho halikuwa na pa kupelekwa. Mahakama za hakimu zilikuwepo, lakini wakili angeweza kula zaidi ya deni lenyewe, na faili lingezeeka kwenye rafu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa 2016, ikakaa miaka mitano bila mahakama hata moja, hadi Aprili 2021 ilipofunguliwa ya kwanza Milimani, Nairobi. Siku hizi zipo pia Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Nyeri na miji mingine. Anayeketi pale mbele huitwa mwamuzi, na sheria inataka awe wakili wa Mahakama Kuu mwenye uzoefu wa miaka mitatu au zaidi. Kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Wakili si lazima, na unaweza kusema Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Mfano wa mahema nitakwenda nao mpaka mwisho. Ukidai pesa za unga, za saluni au za gari lililogongwa, badilisha vitu tu, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Jiulize atakulipa na nini

Watu wengi huliwaza swali hili wakishashinda, na hapo ndipo machungu huanza. Mahakama haikupi pesa. Inakupa karatasi inayosema fulani anadaiwa kiasi fulani, na kazi ya kuzitoa pesa kwake inabaki kwako na dalali wa mahakama, yule anayekamata na kuuza mali ya mdaiwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi ya ada, chukua daftari uandike unachokijua kumhusu: anafanya kazi wapi, analipwa mshahara au anajiajiri, ana duka lenye bidhaa, ana gari, aliwahi kukutumia pesa kutoka benki gani.

Baadhi ya haya yanaweza kuthibitishwa. Namba ya gari ukiipeleka kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utaonyeshwa jina la mwenye gari. Kampuni unaweza kuitafuta kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukapata hati ya CR12, inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa.

Ujue pia kisichoguswa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inalinda nguo za mdaiwa, vyombo vyake vya kupikia, kitanda na matandiko, pamoja na vifaa anavyovihitaji kwa kazi yake. Fundi ambaye mali yake yote ni cherehani aliyoiinamia, ukimshinda kesi utakuwa umeshinda jina tu. Mtu wa namna hiyo ni afadhali mkae chini mwandikishane alipe elfu mbili mbili kila mwezi, na mashahidi watie sahihi. Mwenye mshahara au akaunti ya benki inayopitisha pesa ndiye wa kupelekwa mahakamani.

Hatua ya 2: Angalia kama dai lako linaingia

Kikomo ni shilingi milioni moja. Mwanzoni kilikuwa laki mbili, kikapandishwa 2020. Mahakama hii husikiliza madai ya mikataba ya bidhaa na huduma, pesa ulizompa mtu akushikie, uharibifu au upotevu wa mali, kurudishiwa kitu kinachohamishika kama pikipiki au friji, na fidia ya majeraha ya mwili.

Haisikilizi migogoro ya ardhi, madai ya kuchafuliwa jina, wala mambo ya ajira. Hili la ajira huwapoteza wengi. Msaidizi wa nyumbani anayedai mishahara ya miezi mitatu humwona mwajiri kama mdaiwa wa kawaida, akaja hapa, akarudishwa. Dai lake ni la Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, au la hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza kesi za wafanyakazi.

Ukiwa unadai milioni moja na laki mbili, usilikate dai vipande viwili ili vyote vipite mlangoni. Ama uzisamehe laki mbili, ama uende mahakama ya hakimu. Na usilale. Deni la mkataba lina miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na uharibifu wa mali au majeraha yatokanayo na uzembe yana miaka 3. Ikipita, mdaiwa atasimama aseme muda umekwisha, na hilo pekee litamtosha.

Hatua ya 3: Jua hasa unamdai nani

Hapa pana mtego unaoua kesi nzuri. Ulizungumza na Bwana Fulani, bango la duka linasema jina la biashara, pesa ya kwanza ilitoka kwenye simu ya mke wake, na risiti umeandika kampuni. Mdaiwa ni yupi?

Kama ni kampuni yenye dhima yenye kikomo (Limited), kisheria kampuni ni mtu mwingine mbali na mkurugenzi wake. Ukimshtaki mkurugenzi kwa deni la kampuni atasema hakukukopa yeye, na kisheria atakuwa na haki. Kama ni jina la biashara tu lililosajiliwa, unamdai mwenye jina hilo, na kwenye fomu unaandika jina lake kamili ukifuatisha kwamba anafanya biashara kwa jina fulani. Nakili jina kama lilivyo kwenye usajili, herufi kwa herufi. Hukumu dhidi ya kampuni isiyokuwepo haifungui akaunti ya benki ya kampuni iliyopo.

Hatua ya 4: Piga hesabu mtu asiyekujua aielewe

Mwamuzi hakuwa harusini. Anachokiona ni tarakimu, na zisipojumlika anaanza kukutilia shaka hata pale unaposema kweli. Hesabu ya mahema inaweza kukaa hivi:

Mahema 6 kwa shilingi 9,000: 54,000
Viti 400 kwa shilingi 30: 12,000
Usafiri kwenda na kurudi: 8,000
Jumla ya kazi: 74,000
Toa malipo ya kwanza kwa M-Pesa: 25,000
Salio: 49,000
Viti 14 vilivyorudi vimevunjika, kwa shilingi 900: 12,600
Jumla ya dai: 61,600

Hapo kuna madai mawili ndani ya moja, la mkataba na la uharibifu, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Bei ya kiti iungwe mkono na risiti ya dukani, si kwa kusema "viti siku hizi ni ghali". Usiongeze "usumbufu, 50,000" kwa sababu umekasirika. Ukiweka tarakimu usiyoweza kuieleza unaziharibia jina zile unazoweza. Riba na gharama za kesi unaziomba mwishoni, bila kuzipigia hesabu ya kubuni.

Hatua ya 5: Mwandikie barua ya madai

Barua moja, fupi, yenye tarehe. Isiwe ya kutukana wala ya kubembeleza:

"Tarehe 6 mwezi uliopita nilikukodisha mahema 6 na viti 400 kwa shilingi 74,000. Ulilipa 25,000. Viti 14 vilirudi vimevunjika, thamani yake 12,600. Unadaiwa shilingi 61,600. Nakuomba ulipe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Usipolipa nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo bila kukuarifu tena, na nitadai riba na gharama."

Ipeleke kwa mkono ikiwezekana, apokee na kutia sahihi kwenye nakala yako, kisha itume tena kwa WhatsApp na barua pepe. Faida yake ni mbili. Baadhi ya watu hulipa wakiona tarehe. Na asiyelipa mara nyingi hujibu, "Nisamehe, mambo yalikuwa magumu, nipe hadi mwisho wa mwezi." Jibu hilo ni dhahabu, maana amekubali deni kwa maandishi yake mwenyewe.

Usimtishie polisi, kwani deni la kawaida si jinai. Wala usimwanike kwenye Facebook na picha yake na neno "tapeli". Utamzawadia dai la kuchafuliwa jina, nalo litasikilizwa mahakama nyingine, ambako huenda ukahitaji huyo wakili uliyekuwa unamkwepa.

Hatua ya 6: Panga vielelezo

Mahakama hii haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi, na hilo limewafanya wengine waje mikono mitupu wakitegemea kuaminiwa. Kulegeza kanuni maana yake ni kwamba karatasi yako ya kawaida itatazamwa, lakini lazima uwe nayo.

Pakua taarifa ya M-Pesa kwa njia rasmi, kwenye programu ya simu au kwa *334#, badala ya kutegemea ujumbe mmoja uliobaki kwenye simu. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishe kwa mfululizo, na tarehe na namba ya simu zionekane. Kipande kimoja kilichokatwa katikati kinaalika swali: kabla yake kulisemwa nini? Pitia mazungumzo yote kwa jicho la adui. Ukikuta mahali uliposema "hema moja kweli lilivuja, pole", jitayarishe kulieleza, kwa sababu yeye analo pia kwenye simu yake.

Kila kitu kilichotoka kwenye simu au kompyuta kiambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Si kitu cha kutisha. Ni ukurasa mmoja wenye sahihi yako unaosema ni simu gani, ni yako, ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na wewe ndiye uliyechapisha. Watu husahau ukurasa huu, na upande wa pili ukiwa na wakili ataanza na huo huo.

Kuhusu viti, picha za siku ile ile vilipopakuliwa ni bora kuliko za wiki mbili baadaye. Na dereva aliyevichukua ukumbini akavihesabu ana thamani kuliko shangazi yako anayejua jinsi ulivyoumia. Mwandikie taarifa yake fupi, asome, atie sahihi. Mwishoni zipe karatasi zote namba kuanzia 1 hadi ya mwisho. Utashukuru siku ya kusikilizwa.

Hatua ya 7: Fungua kesi na umfikishie

Nenda mahakama ya mahali anapoishi au anapofanyia kazi mdaiwa, au mahali jambo lilipotokea. Hati ya madai ni fomu iliyokwisha kuandaliwa, unajaza majina, anwani, kiasi, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Kesi hufunguliwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Usipouweza, makarani wa masijala hukuelekeza, na waendesha saiberi walio karibu na mahakama wanaufahamu vizuri. Ada utaiona kabla ya kulipa. Tunza kila risiti, ya ada, ya nakala, ya nauli, maana ukishinda unaomba gharama.

Kisha mdaiwa apelekewe hati pamoja na wito. Mtu mwenye leseni ya kufikisha hati za mahakama hufanya hivyo, halafu huapa kiapo kinachoeleza alimfikishia lini, wapi na vipi. Tangu 2020 kanuni za madai za Kenya zinatambua pia kufikisha kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu, kwa namba ambayo mdaiwa anaitumia. Usichukulie hatua hii kama ya karani. Mdaiwa asipojibu, unaweza kuomba hukumu bila yeye kuwepo, na hukumu hiyo ina nguvu sawa na uthibitisho kwamba alipata habari. Kiapo kikiwa legelege, atakuja baadaye aombe ifutwe, nanyi mrudi mwanzo.

Hatua ya 8: Siku ya kusikilizwa

Soma taarifa ya mahakama uone kama mnakutana chumbani au kwa video. Ikiwa ni kwa video, usijiunge ukiwa ndani ya matatu. Wanaofanya hivyo wapo.

Mwamuzi mwite Mheshimiwa. Hutakuwa na muda wa kusimulia maisha, kwa hiyo tayarisha sentensi tano: nani, mkataba gani, wewe ulifanya nini, yeye hakufanya nini, unadai kiasi gani. "Mheshimiwa, mdaiwa alikodi mahema 6 na viti 400. Makubaliano yako ukurasa wa 1. Nilipeleka vyote, ukurasa wa 4 ni picha ukumbini. Alilipa 25,000, ukurasa wa 6. Salio na viti vilivyovunjika ni 61,600, hesabu iko ukurasa wa 2." Kisha nyamaza uulizwe.

Zamu ya mdaiwa itakapofika, tegemea mojawapo ya haya: sikukopa, nilishalipa, au kazi ilikuwa mbovu. La tatu ndilo gumu, na linaweza kuja kama dai lake dhidi yako, kwamba hema lilivuja likaharibu keki na anataka umlipe wewe. Usipandishe sauti. Muulize maswali mafupi yenye jibu kwenye karatasi. Alilalamika lini? Kwa ujumbe upi? Mbona siku iliyofuata aliandika "asanteni, ilipendeza"?

Mara nyingi mdaiwa akishaona faili limepangwa atakuvuta pembeni kwenye korido na kusema mmalizane. Malizaneni, ni jambo jema, lakini si kwa kushikana mikono. Rudini mbele ya mwamuzi, makubaliano yaandikwe na yawe amri ya mahakama, yakitaja kiasi, tarehe za kulipa, na kwamba akiruka awamu moja salio lote linadaiwa kwa pamoja. Nawajua walioondoa kesi kwa ahadi ya koridoni, wakabaki na ahadi.

Kama nyote wawili hamna ubishi juu ya kilichotokea, ila juu ya nani abebe gharama, mnaweza kukubaliana mwamuzi aamue kwa karatasi tu bila mashahidi kusimama. Na kama huwezi kufika, unaweza kumtuma mtu anayeijua kesi na uliyempa idhini, mahakama ikiridhika naye.

Kuhusu zile siku 60, usiwe wewe wa kuomba kuahirisha. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hukumu inayotolewa baada ya muda huo kupita. Wapo walioitupa kwa kusema mwamuzi hakuwa na mamlaka tena, na wapo walioiacha isimame. Kwa nini kesi yako iwe ya kubahatisha? Upande wa pili ukiomba tarehe nyingine, simama uikumbushe mahakama kesi ilifunguliwa lini.

Hatua ya 9: Kuigeuza hukumu kuwa pesa

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria pekee, na uamuzi wa huko ni wa mwisho. Hawezi kwenda kubishana upya kama hema lilivuja au halikuvuja. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji, mpaka aombe zuio na apewe.

Rufaa isipokuwepo na pesa isipokuja, rudi kwenye lile daftari la hatua ya kwanza. Ana akaunti, unaomba amri kwa benki. Ana mshahara, unaomba sehemu yake ikatwe kwa mwajiri. Ana bidhaa au gari, unaomba kibali cha kukamata mali na kumpa dalali mwenye leseni. Dalali atakwenda kuorodhesha mali na kumwachia tangazo la siku 7 kabla ya kuichukua. Siku hizo saba ndizo zenye nguvu, kwani tangazo huonwa na mke, majirani na wateja, na mtu aliyekuwa hana hata nauli ghafla anakumbuka kaka yake aliye Doha.

Muulize dalali gharama zake kabla hajatoka ofisini. Kisheria humwangukia mdaiwa, lakini mali ikikosekana dalali atakugeukia wewe, na kwa dai la elfu sitini safari mbili za bure zinauma. Mdaiwa akija mahakamani kuomba alipe kwa awamu, usikatae kwa hasira. Tazama kipato chake, taja kiasi cha chini unachokikubali, na omba awamu ya kwanza ilipwe siku hiyo hiyo.

Kila awamu ikiingia, mwandikie risiti, upunguze kwenye hesabu na uhifadhi ujumbe. Akimaliza, iandikie mahakama kwamba hukumu imelipwa yote, na kama kibali bado kiko kwa dalali, kirudishwe siku hiyo hiyo, kabla vijana wake hawajaenda kubeba kochi la mtu ambaye hadaiwi tena.